Mayai Sita Chini ya Kuku wa Mama Wambura

Musoma, Iringo
Jumatano, baada ya adhuhuri

Kwako dada Mwajuma,

Asalaam aleikum. Kama umelala inuka ukae, maana haya si maneno ya kusomewa mtu akiwa amelala. Sisi huku wazima wa mwili, ila kichwa changu ndiyo sijui kimeangalia upande gani. Vipi wewe? Mguu bado unavimba ukisimama sana? Na mama, macho yanaonaje? Mwambie ile dawa ya majani asiipake tena. Hapa kuna mwanamke aliipaka akawa anaona kila kitu viwili viwili, hata mume akaona wawili, akasema jamani, huyu mmoja tu alikuwa ananishinda!

Nilitaka kuandika tangu mwezi uliopita, nikawa naanza naacha. Wewe unanijua, mimi jambo halilalagi tumboni mwangu, likiingia asubuhi mchana lishafika sokoni. Lakini hili nilikaa nalo wiki tatu nzima, ukimtoa Baba Hamisi sikumwambia mtu. Wiki tatu, dada! Nilikonda. Sasa naandika yote, na ukimaliza uniambie kama nimeonewa au nimesamehewa, maana mimi mwenyewe nimeshindwa kujua. Na maandishi yangu uyavumilie, darasa la tatu ndiyo lile lile, halijaongezeka.

Nianze na shemeji yako. Cherehani ipo, mikono ipo, kazi hakuna. Unakumbuka ile miaka kitambaa kilikuwa cha foleni na sabuni ya kugawiwa kipande, watu walikuwa wanamletea hata mapazia awashonee magauni. Leo kila kitu ruksa, maduka yamejaa, mitumba imemwagwa chini kama mahindi yanayoanikwa, na mtu hashoni nguo mpya tena. Baba Hamisi kazi yake imekuwa kupunguza makalio ya suruali za Ulaya. Anainua moja anasema, "Huyu mtu alikuwa anakalia nini?" Tunacheka. Lakini chungu cha hapa nyumbani kinainjikwa na kibarua changu cha bustani ya ndege, ile niliyokwambiaga, kule chini ufukweni, yenye mabwawa na waya.

Sasa siku moja Meneja wa bustani akatukusanya. Akasema watu wanapunguzwa kila mahali, na sisi hatutapona. Atakuja mwalimu kutoka mbali, atafundisha kwa vitendo namna ya kuzalisha ndege wa majini na kulea vifaranga vyao. Atakayefaulu ataandikwa kazi ya kudumu, atakayeshindwa aage. Mimi nikacheka kimoyomoyo. Bata! Nimezaliwa nikakuta bata uani, nimeolewa nikakuta bata uani, leo nifundishwe bata?

Mwalimu akaja. Anaitwa Mwalimu Anna, binti mdogo, ningeweza kumzaa, lakini suruali na mabuti ya mpira, na sauti ya mtu anayeita mtumbwi uliokwisha ondoka. Siku ya kwanza akatufundisha kumshika bata bukini. Siyo wale weupe wa kufuga, hawa ni wa ziwani, wa rangi ya udongo, wana doa kwenye macho kama mtu aliyepaka wanja akalia. Unambana mabawa kwa kiwiko, miguu unaitia kiganjani, na kichwa chake kinatazama nyuma yako, siyo mbele. Mzee Masatu akakataa. Huyu Mzee Masatu ndiye mkongwe wetu pale, Mjita, kazi yake kulinda waya usitoboke. Akasema yeye anashikaga bata tangu mwalimu hajazaliwa. Akamshika kichwa kikitazama mbele. Dada, aling'atwa sikio mbele ya watu, ikabidi bata aombwe na watu wawili ndiyo aachie.

Siku ya pili tukafundishwa kujua dume na jike. Unamgeuza, unamfunua huku nyuma, unaangalia! Mimi nikasema, mwalimu, huyu ana watoto, tumwachie heshima yake. Mzee Masatu akasema hakuna haja ya kufunua mtu, dume analia kwa kukwaruza kama anasafisha koo, jike ndiye anayepiga kelele. Mwalimu Anna akasema, "Ni kweli kabisa, mzee." Mzee Masatu akasema, "Basi ni kama kwangu." Tulicheka mpaka ndege wakaruka.

Sasa ndiyo nafika penyewe. Kulikuwa na jike mmoja analalia mayai, mangapi sikuwahi kuhesabu, na Mwalimu Anna alikuwa anamtazama yule jike kama mkwe. Alisema haya mayai ndiyo mtihani wetu. Wiki ile ile ikaja habari ya msiba Bunda, mjomba wake Baba Hamisi, Mungu amrehemu. Nikaomba ruhusa, nikakaa Bunda siku tatu. Nilivyorudi nikaingia kazini kama kawaida, nikafagia mabanda yote, la yule jike nikaliweka mwisho. Nikamkuta ametoka kwenda kunywa maji. Nikachungulia kiota. Mayai matatu yamechorwa msalaba kwa penseli. Saba hayana alama.

Dada, wewe na mimi tumefundishwa na mama mmoja. Kuku akianza kulalia, mama anachukua mkaa anayatia alama yale mayai yake. Kesho kuku mwingine mvivu akija kutagia mle mle, lile lisilo na alama ndilo unalitoa, ndilo la kula. Lenye alama usiguse, lina mwenyewe. Hata mtoto anajua. Na mle bandani kulikuwa na jike mwingine anatagataga ovyo. Nikasema, kumbe na mwalimu wa chuo anafanya kama mama yangu! Nikafurahi kabisa. Na pale bustanini mayai ya ziada ni ya aliyefagia, Meneja mwenyewe alituruhusu tangu zamani. Nikayafunga yale saba kwenye kanga tumboni, nikaenda zangu nyumbani.

Nikaweka kikaango. Nikapasua la kwanza. Nikaona mishipa myekundu imetanda kama mizizi, na katikati tone dogo linadunda. Linadunda, dada! Nikamwita Baba Hamisi.

"Angalia, hili yai bovu?"

Akainama, akavua miwani, akaivaa tena. "Bovu ndiyo linadunda hivi? Hili zima kuliko mimi."

Nilikaa chini. Hapo hapo nikajua nimefanya jambo, ila sijui jambo gani. Kama haya ndiyo mazima, ile misalaba ni ya nini? Nikafikiri kuyarudisha. Lakini getini mchana anakaa Meneja mwenyewe. Nimwambie nini, nimechukua saba narudisha sita? Na mimi ndiyo nangoja kuandikwa kazi? Na mayai nayo hayangoji, yanapoa. Nikayafunga tena tumboni, nikatoka mbio kwa Mama Wambura.

Mama Wambura ni jirani yangu wa ukuta mmoja, kwao Butiama, mjane, maneno yake ya kupima. Mimi nikisema mia yeye anasema moja. Alikuwa na kuku mwekundu ameanza kulalia jana yake.

"Mama Wambura, nisaidie kuku wako."

"Ameiba nini?"

"Sijasema ameiba. Nina mayai ya bata yanataka mama."

Akayatazama. "Bata wa nani, mayai makubwa hivi?"

"Wa kwangu."

"Wewe una bata?"

"Nitakuwa nao."

Halafu akasema, "Nusu kwa nusu, kama kawaida." Unajua desturi, na huku iko hivyo hivyo. Mayai yako, kuku wa mwenzako, vifaranga mnagawana, maana kuku wake muda wote ule hatagi. Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ningesema ndiyo hata kama angetaka mume. Akatoa mayai ya kuku wake, akaweka yale sita, kuku akayavuta kwa mdomo akayakalia, makubwa mpaka mabawa yakabaki wazi kama mwanamke aliyevaa gauni la mdogo wake.

Kesho yake kazini ni kilio. Mwalimu Anna amesimama bandani na yale matatu mkononi. Akasema, "Haya niliyachora kwa sababu ni viza. Niliyaangalia kwa mwanga, hayana kitu. Niliyaacha ili jike asione kiota kimepungua ghafla akakikimbia. Saba mazima ndiyo yameondoka." Hilo somo la kuangalia kwa mwanga wenzangu wote walifundishwa. Mimi nilikuwa Bunda nalia msibani.

Nilifungua mdomo niseme. Wallahi nilifungua. Meneja akawahi. "Kenge huyo. Waya umetoboka. Kazi ya waya ni ya nani?" Watu wote wakamgeukia Mzee Masatu.

Mzee akasema, "Kenge akila yai anaacha ganda na uchafu. Hapa pasafi, kama pamefagiwa."

Moyo wangu! Lakini hakuna aliyemsikiliza. Wakatega mtego, na siku ya nne wakamnasa kenge mmoja mkubwa, urefu wa benchi. Kila mtu anampitia anamtukana. "Mwizi! Mlafi!" Na mimi nikaambiwa nimtukane, nikasema, "Pole." Wakadhani natania, wakacheka. Yule kenge alinitazama, na mimi nikamtazama, tukajuana.

Basi ndiyo nikawa mwanafunzi bora. Kila somo mkono juu. Mwalimu, mayai ya bata yanataka maji kiasi gani siku za mwisho? Mwalimu, yageuzwe mara ngapi? Mwalimu, kama mtu hana tochi ya kuangalizia? Akanionyesha, unatoboa tundu kwenye boksi, unalielekeza juani. Yeye anafurahi, anawaambia wenzangu, "Ulizeni kama Mama Hamisi." Kumbe mimi nawaulizia wagonjwa wangu wa nyumbani. Jioni naingia kwa Mama Wambura na bakuli la maji ya uvuguvugu, nanyunyizia. Yeye anakaa kwenye kigoda anachambua dagaa, ananiangalia tu. Siku moja akasema, "Bata hawa wana cheo." Sikujibu. Mimi, dada, sikujibu!

Wiki ya tatu wakatoka. Mawili yalifia ndani, manne yakapasuka. Vifaranga wazuri, weupe na kahawia kama wamepakwa rangi kwa brashi. Mama Wambura akawatazama, akasema, "Wangu wawili." Nikasema ngoja wapate nguvu. Nilikuwa na hesabu yangu, nitangoja mafunzo yaishe, niandikwe kazi, halafu nitajua la kusema.

Ijumaa Meneja akasoma majina. La kwanza Zaituni. Nikaruka, nikapiga kigelegele mwenyewe kwa ajili yangu mwenyewe. Akaendelea mpaka mwisho. Mzee Masatu hayumo. Akamwambia pale pale, mzee, wewe kwa sababu ya yale mayai. Mzee Masatu hakubisha. Alivua koti la kazi, akalikunja vizuri kwa mstari, akaliweka juu ya benchi, akalipiga piga vumbi. Akasema, "Nyumbani sikusema habari ya mayai. Sasa itabidi niseme."

Dada, pale ndipo mdomo wangu ulipotoka wenyewe. Nilisema yote. Msalaba, mkaa wa mama, Bunda, kikaango, kuku, kila kitu, hata kenge nikamwombea radhi. Meneja akakaa. Mwalimu Anna akauliza neno moja, "Wako hai?"

"Wanne."

Wakaja wote kwa Mama Wambura, mpaka Mzee Masatu na koti lake mkononi. Meneja akasema, "Mama, hawa ni ndege wa serikali. Tunawachukua."

Mama Wambura akaendelea kuchambua dagaa. "Na kuku ni wa nani?"

"Kuku ni wako."

"Serikali ilikuja kulalia hapa?"

Mwalimu Anna akageuka upande, mabega yanacheka. Meneja akasema, "Mama, sheria."

"Nusu kwa nusu. Mwulize huyu. Alisema ndiyo mara tatu." Akanioneshea kidole. "Kuku wangu amekonda, hajataga, amelalia watoto wa watu. Wawili wangu."

Meneja akanigeukia kama mimi ndiye niliyeleta huo uhuru wa kuijibu serikali. Mama Wambura ana haki, niliahidi. Meneja ana haki, ndege si wangu. Sasa kama wote wana haki, mwenye kosa ni nani aliyebaki? Ni mimi tu. Mwisho wakawabeba vifaranga kwa nguvu, kwenye boksi, na Mama Wambura hakupiga kelele. Alisema tu, "Mtarudi."

Wakarudi kesho yake. Vifaranga walilia usiku kucha, hawali, hawanywi, yule jike wa ziwani hata kuwaangalia hataki, anawapiga mdomo. Wanamtaka kuku wao. Meneja akaja kwa upole kuomba kuku. Mama Wambura akasema kuku haendi bila yeye. "Mnataka mama, chukueni na mwenye mama." Na vifaranga wawili wake aliwaachia, ila kwa kubadilishana. Unajua alitaka nini? Kazi.

Basi nafasi zile zilikuwa za kuhesabu. Mzee Masatu akarudishiwa koti lake, alhamdulillahi, na alinipa mkono, akasema, "Umechelewa lakini umefika." Na nafasi yangu mimi, Meneja akasema hawezi kuandika mtu aliyeficha mayai wiki tatu. Akaandikwa Mama Wambura. Asubuhi nilimwona anatoka na kuku wake kwenye kikapu, amevaa viatu vya kanisani. Mwalimu Anna kabla hajasafiri alikuja nyumbani akaniletea cheti changu. "Alama zako ni zako, Mama Hamisi. Za kwanza. Lakini kuandika kazi anaandika Meneja." Nikampikia sato, akala na mifupa.

Sasa nambie, dada. Polisi sikupelekwa. Cheti ninacho, Baba Hamisi amekitundika juu ya cherehani. Kazi sina. Mwenye kazi hana somo hata moja, na mwenye masomo yote anaosha vyombo. Mimi nakichungulia kile cheti, nacheka, halafu nachoka. Kila nikilipanga linapinduka.

Na jana ndiyo limezidi. Mchana Mama Wambura akaja mbio, sijawahi kumwona anakimbia. Akasimama mlangoni. "Vifaranga wanatetemeka. Nimewaingiza bwawani waogelee, si bata? Wamelowa, wanaanguka. Meneja yuko mjini."

Baba Hamisi akanivuta nyuma ya pazia. Akaninong'oneza, "Nyamaza. Wakifa, Meneja ataona amekosea. Atakuja mwenyewe kukutafuta." Na ni kweli, dada. Nililipima pale pale na sufuria mkononi, ni kweli kabisa. Nikae kimya tu, jambo ambalo watu wote wananiombaga kila siku, na kazi inarudi. Mama Wambura hakuuliza mara ya pili. Yeye haulizagi mara mbili. Alisimama tu, kanga inamdondoka maji.

Nikamwambia. Nikamwambia kifaranga aliyelelewa na kuku hana yale mafuta ya mama bata kwenye manyoya, akiingia majini analowa kama kitambaa. Mtoe, mkaushe kwa kanga kavu, muweke karibu na jiko la mkaa lakini asiungue, maji ya kunywa tu kwenye kisahani kifupi, bwawani asiingie mpaka manyoya ya kweli yaote. Nikamwambia na chakula, mchwa na dagaa wa kusaga na majani laini. Alivyofika kwenye kona nikamkimbilia nikamwambia na kuku amfungie karibu, joto la kuku ni zuri kuliko la mkaa. Nilisema yote niliyofundishwa, halikubaki hata moja.

Baba Hamisi tangu jana hasemi na mimi. Anapiga cherehani tu, na hakuna nguo ndani. Leo asubuhi nilijifanya naenda kununua dagaa, nikapita nje ya waya. Mzee Masatu aliniona, akageuza uso kama hajaniona. Nikawahesabu. Wanne wote wanakula.

Nisalimie mama, mwambie binti yake hana kazi lakini ana cheti. Msalimie kaka yetu wa reli na mke wake mdogo, yule mkubwa asijue nimemtaja mdogo kwanza. Shangazi wa kwa mwalimu wa madrasa mwambie kanga aliyonitumia nimeipata, ni hii iliyobeba mayai, haijapata doa. Mtoto wa dada yetu marehemu mwambie asome, asome kila siku, na siku ya somo asiende msibani. Baba Hamisi angekusalimu ila amenuna. Nimekusalimia wewe kwa niaba yake.

Ni mimi mdogo wako, niliyesema kila kitu,

Zaituni, Mama Hamisi